Mikono ya Ng'ombe

Mikono hii ilisomea kwa ng'ombe.
Miaka thelathini na minane, alfajiri na jioni,
ng'ombe arobaini wenye mabaka, kila mmoja na kibandiko cha njano sikioni,
nami wa arobaini na moja, nisiye na namba,
nikifuata mkia wa mwenzangu kwenda zizini.

Kisha bei ya maziwa ikashuka chini ya bei ya pumba.
Lori lilikuja Alhamisi. Manyunyu.
Nilihesabu mikia mpaka wa mwisho,
nikaingia ndani kunawa mikono
iliyokuwa safi.

Clémence hakunipa pole.
Mwezi wa Aprili, theluji bado imeng'ang'ania kivuli cha ghala,
alirudi kutoka ng'ambo ya mto,
na kwenye kiti cha nyuma cha gari
mbuzi watatu, wametulia kama abiria waliokwisha lipa nauli.
"Nini hawa?"
"Mbuzi wa maziwa."
"Na nusu zao nyingine umeziacha wapi?"

Migongo yao haifiki mkanda wangu.
Akawapa majina ya shangazi zake,
Léontine, Delphine, Alvine,
waliokufa hawasemezani kwa sababu ya kabati.
Haikupita wiki Léontine akajua kufungua komeo kwa mdomo.
Alvine akapanda juu ya trekta
akalitazama bonde zima
kama mdaiwa asiye na nia ya kulipa.
Sikuwagusa. Nilisema
siwezi kumwamini mnyama
mwenye jicho kama tundu la sanduku la posta.

Desemba Clémence aliteleza uani, mkono ukavunjika.
Wanasema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini.
Kwetu alivunjika mwingine,
aliyerejea zizini ni mimi.

Vidole vilivyozoea chuchu nene kama mpini wa jembe
vikatafuta gizani kitu
kisichozidi kidole cha mwisho cha mtoto.
Nilikamata kwa kiganja kizima,
nikakamua mkono wa shati langu.
Léontine akageuka, akanitazama vizuri,
akatia kwato ndani ya ndoo.

"Vidole viwili, Normand," sauti mlangoni,
mkono umening'inizwa shingoni kwa skafu ya kanisani.
"Gumba na cha shahada. Bana juu, halafu shuka.
Usivute. Huyo si kengele."

Siku ya nane ndoo ikajibu: tswi. Tswi.
Nikanyamaza, kama mtu anayesikia mvua ya kwanza kwenye bati
na hataki kusema ni mvua.
Vikombe vitatu, basi.
Zamani hivyo vilikuwa vya paka, havikuandikwa popote.
Asubuhi ile niliivusha ndoo uani kwa mikono miwili,
nikichagua pa kukanyaga.

Sasa ni Machi, saa nane za usiku,
baridi inayopasua misumari ukutani.
Delphine amezaa mmoja, amezaa wa pili, amesimama, amechoka,
na wa tatu bado yumo, kichwa kimegeuka.
Ndama nimewavuta kwa mnyororo, mimi na ndugu yangu,
miguu tumeikita kwenye boriti.
Hapa hapana nafasi ya mnyororo, wala ya ndugu.
Gumba na cha shahada.
Nikaona taya, dogo kama kifungo cha koti,
nikaligeuza pole pole, nikangoja asukume.

Akatoka kama glavu iliyolowa.
Hapumui. Nikamfuta pua, nikamsugua kwa nyasi kavu,
nikamtukana kwa Kifaransa cha marehemu baba,
maneno yote niliyoyaficha siku ya lori,
mpaka akapiga chafya.

Nimeketi jikoni, koti limefungwa juu ya tumbo linalotetema.
Clémence amelala. Dang'a inapata moto taratibu kwenye maji.
Huyu hana subira: amepekua vifungo,
amekipata kidole changu, ananyonya kwa nguvu zake zote.
Hakina kitu.
Sijakitoa.